Mtambo wa Kijito Umezimika: Tunabisha Tena Mlangoni Kwenu

Ba mama, ba papa, wandugu wa Bukavu, nanyi watoto wetu mlio Ubelgiji, Kanada na kwingineko: amani ya Bwana iwe kwenu.

Mwaka haujaisha tangu tuwashukuru kanisani kwa mchango wa mtambo wa umeme wa kijito kule Kabare, na leo sisi walimu na wanafunzi wa elektromekanika tunarudi kuomba. Tunaandika kwa haya. Mota mliyotununulia imeungua, na kosa ni letu kwa sehemu kubwa.

Usiku ule upepo ulivunja tawi la mkaratusi, likaangukia waya unaokwenda kwenye kinu na nyumba za jirani. Mzigo mkubwa wa umeme ukakatika mara moja, lakini maji hayakujua. Yakaendelea kusukuma kwa nguvu ileile. Mtambo ukakimbia kupita kiasi, volti zikapanda, kapasita (vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme) zikapasuka, na balbu tatu za chumba cha uzazi cha kituo cha afya zikalipuka juu ya mama aliyekuwa katika uchungu. Mkunga alimaliza kazi kwa tochi ya simu, kaishika mama mkwe, vipande vya kioo vimetapakaa chini na yeye kavaa kandambili. Mtoto alizaliwa salama, msichana, Mungu asifiwe. Kulipokucha mkunga alitupigia simu. Hakulaumu. Aliuliza tu: "Mutarudia lini?"

Kinachozuia ajali kama hiyo kinajulikana: ni kidhibiti mzigo, kisanduku cha elektroniki ambacho umeme usipotumiwa huuelekeza kwenye vyuma vya kuchemsha maji, ili mtambo usihisi kwamba mzigo umepungua. Fedha za mwaka jana ziliishia kwenye bomba na saruji, tukasema kidhibiti kitangoja. Hakikupaswa kungoja. Mwalimu mmoja alituonya, tukamwona mwoga. Leo tumemwomba radhi mbele ya wanafunzi.

Msidhani kazi yote imepotea. Vijana wetu wa elektromekanika hawakununua turbini, gurudumu linalozungushwa na maji, kutoka ng'ambo. Walichukua pampu ya kawaida, wakayapitisha maji kinyume ili izunguke kama turbini, wakaifunga na mota ya kawaida ambayo kwa msaada wa kapasita huzalisha umeme badala ya kuula. Ni vitu ambavyo fundi wa Kadutu anavijua kwa mikono. Maji yanashuka mita 14, lita 20 kwa sekunde. Zidisha hizo mbili, kisha na 9.81 ya mvutano wa dunia, unapata takriban wati 2,700, na karibu nusu ya hizo ndizo zilizofika kwenye waya. Kujua kwa nini nusu nyingine inapotea, na ni pampu ipi ya sokoni inayopoteza kidogo, ndio utafiti wenyewe. Kwa siku 71 walilala kwenye kibanda kwa zamu, wakiandika vipimo kila nusu saa. Madaftari hayo yapo. Yanasubiri mtambo uzunguke tena ili wanafunzi wanne wamalize kazi zao za mwisho wa masomo.

Na safari hii joto la kidhibiti halitapotea bure. Vyuma vyake vitazamishwa ndani ya pipa, na kituo cha afya kitapata maji ya moto usiku kucha bila mbabula. Kila gunia la makala (makaa ya kuni) linalobaki halijanunuliwa ni afadhali kwa msitu wa Kahuzi-Biega, nanyi mnaona kila siku magunia yanavyoingia mjini.

Hesabu ni hii. Kidhibiti, dolari 620. Kubobina mota upya, yaani kusuka tena nyaya zake za ndani, na kununua kapasita, 340. Chujio la chuma kwenye mlango wa maji, 290: mnajua jinsi chupa na taka za ziwani zinavyoziba mitambo ya umeme ya mto Ruzizi, kwetu sisi ni majani ya migomba. Mabati ya kibanda na usafiri, 230. Jumla 1,480. Walimu wametoa 250, wanafunzi 95 kutoka mifukoni mwao. Zimebaki 1,135. Risiti zote zitabandikwa mlangoni kwa karakana, na mweka hazina atasoma hesabu mbele ya kanisa mwezi utakaofuata, kama mwaka jana.

Mwaka jana ba mama wanaouza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, walichanga faranga mia tano mia tano, asubuhi moja, wakajaza kikapu. Wapo wengine waliosimama mbele ya watu wakaahidi mamia ya dolari, wakapigiwa makofi. Hatutaji jina. Daftari la ahadi liko wazi bado, na mistari yao haijafutwa.

Kazi ya mlango wa maji hufanyika kiangazi tu, kijito kikiwa kimepungua; Septemba mvua ikirudi hatutaweza kuingia. Basi tunaomba mchango ufike kabla ya mwisho wa Julai. Walio karibu walete mkononi kwa mweka hazina Jumapili baada ya ibada, waandikiwe risiti. Walio mbali watume kwa simu kupitia ndugu aliye hapa, naye aje na jina la aliyetuma. Asiye na fedha lakini ana mabati ya zamani yasiyotoboka, tutakuja kuyabeba wenyewe.