Mabanda ya zamani yafaa kuwa karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mabanda ya zamani yaliyosalia hapa Tanga tangu enzi za mkonge, ambayo wenye nayo siku hizi huyabomoa upesi na kujenga mahali pake vyumba vya matofali ya saruji. Mimi ni seremala, na karakana ninayofanyia kazi ilikuwa banda la namna hiyo, lenye kuta za mawe ya matumbawe na paa lililoliwa na kutu.

Kinachoziharibu kuta hizi zaidi ni lipu ya saruji. Ukuta uliojengwa kwa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukifunikwa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani mpaka lipu ibambuke pamoja na uso wa jiwe. Ndiyo maana sisi tulitumia chokaa na mchanga wa mtoni, kwa kuwa ule wa baharini una chumvi, tukachanganya na nyuzi fupi za katani itokanayo na mkonge ili lipu isipasuke inapokauka. Tena chokaa haihitaji moto mkali kama saruji: huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, ilhali saruji huhitaji takriban 1,450. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893, na bado mafundi wetu wengi huiona katani kuwa ni ya kamba na magunia tu!

Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, tulizifanya kwa miti ya mvinje, inayopandwa na kukua haraka, tukaiacha mikoko ilinde fukwe. Madirisha tuliyaelekeza kaskazini na kusini, ili kaskazi na kusi zitoe vumbi la mbao.

Hata hivyo, si kila kitu cha zamani kinafaa kutumiwa tena. Paa likiwa la asbestosi, lisikatwe wala kutobolewa, maana vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Liondolewe na wataalamu.

Nawaomba wamiliki, kabla ya kuita tingatinga, wamwite mwashi anayeijua chokaa. Nayo Halmashauri ya Jiji ingefikiria kuwapangisha vijana waliohitimu ufundi mabanda yake yasiyotumika, kwa sharti la kuyakarabati.

Seremala,
Ngamiani, Tanga