Getini mtu mzima, kwenye mtelezo mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililorudi nalo Dodoma baada ya likizo ya Desemba, kuhusu kiingilio cha mtoto kukatwa kwa kimo badala ya umri.

Tulisafiri watano: mimi, mama mkwe wangu na watoto watatu. Kwa watoto, kupanda treni ya umeme kwenda Dar es Salaam ilikuwa tayari nusu ya sikukuu. Sisi watu wazima tulilipa shilingi 31,000 kila mmoja kwa daraja la kawaida. Wa miaka tisa na wa miaka sita walilipiwa nusu, kitinda mimba wa miaka mitatu akapanda bure. Kazi ikaisha hapo, tukabaki kusikiliza kelele zao kila treni ilipozama kwenye mahandaki ya Kilosa.

Siku ya pili tulivuka kwa pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Ng'ambo hatukuwa na shughuli yoyote, nilitaka tu watoto wa Dodoma waione bahari kwa karibu. Tukapitia Feri kutazama samaki wanavyonadiwa. Bibi yao bado anamsimulia yule pweza. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya bustani ya michezo ya maji, ambayo sitaitaja jina.

Nilikuwa nimepiga simu mapema kuulizia viingilio. Nikajibiwa kwamba mtoto ni nusu bei, karibuni sana. Kufika getini, pembeni mwa dirisha la tiketi nikaona mstari mwekundu umechorwa ukutani, sentimita 120. Kifungua mimba wangu ana sentimita 136. "Huyu ni mtu mzima," kijana wa tiketi akasema. Nikacheka, nikijua ananitania. Hakuwa na utani. Mtoto wa darasa la tatu akakatiwa tiketi sawa na ya bibi yake.

Tukavishwa bangili za karatasi, ya kwake ikiwa na rangi ya wakubwa. Moja kwa moja akaukimbilia mtelezo mrefu kuliko yote, ule aliouona tangu tukiwa nje. Akapanda ngazi zote, na huko juu akakutana na mstari mwingine, sentimita 140. "Huu ni wa watu wazima, mdogo wangu," mwokoaji akamwambia, akamteremsha kwa ngazi zilezile. Binti akanijia kaunyoosha mkono wenye bangili, akidhani hawakuiona vizuri.

Sina ugomvi na mstari wa kule juu. Maji yale yana kasi, na mtelezo umejengwa kwa mwili wa kimo na uzito fulani. Mtoto mfupi anaweza kurushwa vibaya kwenye kona, au akashindwa kusimama pale maji yanapommwaga bwawani. Yule mwokoaji alifanya kazi yake, na ningemlaumu kama angemruhusu. Lakini mstari wa getini unamlinda nani? Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, msichana wa kimo cha wastani hufikisha sentimita 120 akiwa na miaka saba hivi. Maana yake hiyo nusu bei niliyoahidiwa kwenye simu inaishia darasa la kwanza au la pili, na wanaopanga bei wanalijua hilo vizuri kuliko sisi tunaotoka mikoani.

Isitoshe, hii ni nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kliniki tunahimizwa kila mwezi: uji wa lishe, mayai, dagaa, mboga za majani. Basi umlishe mtoto, arefuke, halafu getini utozwe kwa sababu amerefuka!

Nilipolalamika niliambiwa wazazi wanadanganya umri. Wapo, sikatai. Lakini cheti cha kuzaliwa cha RITA kina tarehe, na nilikuwa nacho kwenye mkoba kwa sababu ya treni. Hakuna aliyetaka kukiona. Hifadhi zetu za taifa nazo zinahesabu kwa miaka, chini ya mitano bure, mitano hadi 15 kiingilio cha mtoto, na geti linafunguka. Hata China, ambako kwa miaka mingi tiketi ya treni ya mtoto ilikatwa kwa kimo, waliachana na mtindo huo tarehe 1 Januari 2023 wakahamia kwenye umri.

Ninachoomba ni kwamba kiingilio kikatwe kwa umri, na kimo kibaki kwenye mitelezo. Kama wenye bustani hawataki, basi mistari yote miwili itajwe kwenye simu na kwenye tangazo, ya getini na ya kila mtelezo, ili mzazi ampime mwanawe nyumbani kabla hajamwahidi kitu. Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana ya kumlinda mlaji, nadhani hili haliwazidi uzito. Wakishafika, waulizie pia kwa nini bibi aliyekaa kivulini kulinda mabegi na ndala zetu, asilowe hata kidole, alilipa sawa na wanaoogelea.

Tukijaliwa, Juni tutarudi, maana watoto wameshaanza kuhesabu wiki. Binti atakuwa ametimiza miaka kumi, na kwa jinsi sketi yake ya shule inavyozidi kufupika, huenda mtelezo usimkatae tena. Kwenye treni bado nitamlipia nusu.

Mzazi wa watoto watatu,
Ipagala, Dodoma