Njia za punda na usalama wa vichochoro: taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wenye punda wa Lamu

Wazee wetu, ndugu wanachama, na nyinyi vijana mnaopakia gatini tangu alfajiri, Assalamu alaikum.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu ni njia ya juu ya kwenda Shela. Mnajua bahari ikijaa maji hupiga ukutani, na ufuo ule wa kilomita kama tatu haupitiki kwa punda mwenye mzigo. Ndiyo maana wazee walipita juu, nyuma ya mashamba. Leo njia hiyo imezibwa, hapa kwa ukuta, pale kwa seng'enge, na mwenye kiwanja kimojawapo ametuambia kwamba hati yake haionyeshi njia yoyote. Yawezekana asemayo kuhusu hati ni kweli, lakini mambo hayaishii kwenye hati.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaitambua haki ya njia iliyokuwepo ardhi iliposajiliwa mara ya kwanza, hata kama haikuandikwa kwenye sajili. Iko pia sheria ya zamani ya vikomo vya muda, ambayo humpa haki ya kupita mtu aliyetumia njia waziwazi na kwa amani kwa miaka 20 bila kukatizwa. Kwa hiyo linalotakiwa kwetu ni ushahidi, wala si kugombana mlangoni kwa mtu. Katibu amekuwa akizunguka majumbani kuandika kumbukumbu za wazee. Mmoja alituambia alipita pale akiwa mtoto, ameketi juu ya shogi, yaani kapu la mzigo la mgongoni mwa punda, lenye chokaa kutoka tanuuni, babake akitembea mbele. Maneno kama hayo tukiyatia kwenye hati ya kiapo yana uzito. Tuyachukue sasa, wakati wenyewe wangali nasi.

Mjini shida yetu ni pikipiki. Vichochoro vya Mkomani na Langoni vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake. Pengine punda akipita na mashogi yaliyojaa, mtu hana budi kujibanza mlangoni. Ndiyo sura ya mji uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia. Madereva wengi wa bodaboda hawamjui punda. Akishtuka hatimui mbio kama farasi, aghalabu husimama papo hapo akaganda. Dereva huona ni ukaidi, akampigia honi na kumkaribia zaidi. Mwaka huu mwenzetu mmoja alipoteza punda jike kwa namna hiyo: alibanwa baina ya pikipiki na ukuta, mguu wa mbele ukavunjika, na hakupona. Alikuwa na mwana anayenyonya. Nilifika pale, na mpaka leo sijaisahau sauti ya punda yule.

Tumeomba kwa maandishi kwamba pikipiki zisiingie kabisa vichochoroni, na kwamba ukingo wa bahari uwe na saa zake za kupakua mizigo, punda watangulie. Tumezungumza pia na madereva wenyewe. Tuliwaomba wazime injini wakikuta punda amesimama, wangoje aliyemshika ampitishe. Baadhi yao ni watoto wetu, na wengi walitusikiliza.

Lakini hatuwezi kudai njia huku sisi wenyewe tunaiharibu. Vijana wanawapiga punda mbio pale uwanjani Mkunguni watu wakitoka msikitini. Mashindano yana siku zake. Wengine wanawaacha punda usiku wakirandaranda na kula takataka. Kisha kuna uzito. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na punda mzima wa kwetu wa kilo 150 asibebeshwe zaidi ya theluthi ya uzito wake, yaani mfuko mmoja. Nimewaona waliobebeshwa miwili na mpakiaji akapanda juu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kweli, lakini huyu mwenzetu hana ulimi wa kukataa. Na msemo kwamba punda haendi bila kigongo mimi siukubali. Punda aliyechubuka mgongo na kupigwa kila siku ndiye anayerusha mateke barabarani. Zahanati ya punda iko mjini tangu mwaka 1987. Mpelekeni kidonda kingali kidogo.

Wenzetu wa Mokowe na Hindi, wenye mikokoteni, tangu lami ifike malori yanakwenda kwa kasi tusiyoizoea. Kaeni kushoto, bandikeni viakisi mwanga nyuma na ubavuni, na jua likitua bila taa msiingie barabarani.

Hesabu ya fedha mtasomewa na mweka hazina. Mimi naongeza moja tu, kwamba sehemu ya ada ya mwaka ujao itengwe kulipia viapo na mpimaji wa ardhi.

Jumamosi hii baada ya Alasiri tunakutana mwanzo wa njia ya juu. Kila mwenye mzazi au babu aliyepita pale na amlete, ampandishe punda kama hawezi kutembea. Tutakwenda naye polepole, atuonyeshe njia ilipokatiza, nasi tutie alama.