Mpira wa boti haufungwi kwa selotepu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi wa dizeli hapa Majengo, Moshi. Kazi yangu ni Fuso na matrekta. Mwezi uliopita shemeji yangu wa Pangani aliniita nimtazamie injini ya boti yake. Nilidhani nakwenda kula samaki tu.

Mpira unaovuta maji ya bahari kupoza injini ulikuwa umelalia ukingo wa chuma. Kwa juu ulikuwa safi kabisa. Nilipopitisha vidole upande wa chini, nikagusa nyuzi za ndani ya mpira uliolika. Fundi aliyenitangulia alikuwa amepabandika selotepu nyeusi, akachukua hela yake.

Fuso ikipasua mpira wa maji, unaegesha Himo unasubiri. Mpira huu uko chini ya usawa wa maji: ukipasuka, bahari inaingia ndani ya boti. Kwa hiyo nilifunga kwanza koki ya chini inayoingiza maji ya bahari, nikautoa wote, nikaweka mpya wenye waya ndani ili usibonyee pampu ikivuta. Kila mwisho niliweka klipu mbili zisizoshika kutu. Palipokuwa panasugua nikavisha kipande cha mpira wa zamani nilichokipasua kwa urefu, kisha nikaufunga uwe mbali na chuma.

Shemeji alilalamikia bei, maana hizo klipu hazikuwa rahisi. Nikamwonyesha mpira wa dizeli nao unavyosugua alteneta, ile inayozalisha umeme wa injini, akanyamaza.

Naomba ukurasa wako uwaambie wenye boti wawadai mafundi wao mpira wa zamani, wajue kweli umebadilishwa. Ule wa Pangani nimeutundika gerejini.

Fundi wa Majengo,
Moshi