Hamisi, nyumba zipo, kazi ni pa kuilaza hiyo Landrover

Kaka Hamisi,

Salama lakini? Huku Mtwara wazima wote, joto tu ndo linatunyoosha. Ile meseji yako kwamba unahamishiwa huku, nikutafutie nyumba yenye pa kulaza Landrover, nilimsomea mama watoto akacheka, akasema huyo shemeji yangu atauliza gari litalala wapi kabla hajauliza watoto watasoma wapi. Na kweli, nimesoma mpaka chini, shule hujagusa hata mstari mmoja.

Sasa sikiliza. Nyumba yenye gereji kabisa, chumba chenye ukuta na mlango wa gari, kwa hela ya mshahara wako usijisumbue. Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini ukibahatika unapata fensi na geti, gari linasimama juani, na banda likiwepo ni nguzo nne na bati zimechoka. Kwaiyo nikaacha kuwaambia madalali natafuta nyumba, nikawaambia nataka uwanja ambao ndani yake kuna nyumba. Wakanishangaa lakini wakaelewa.

Najua kazini watakwambia Shangani, kule upande wa baharini, kila mgeni anaambiwa Shangani. Na panavutia sikatai, viwanja vikubwa, barabara pana. Si unajua mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, wakajenga bandari, wakalaza reli ya kwenda Nachingwea wakidhani hapa patakuwa jiji kubwa kweli, mradi ukafa 1951, reli nayo ikafungwa 1962, sisi tumebaki na nafasi. Ile Landrover 109 yako, ndefu vile, ingezunguka humo uani bila hata kurudi rivasi.

Shida ni bahari. Gari lako limekaa Morogoro miaka yote, chumvi halijawahi kuionja. Huku karibu na maji ukitaka kuijua nyumba usiangalie rangi ya ukuta, angalia bawaba za geti na nondo za madirisha, angalia na misumari ya bati. Kuna nyumba moja nzuri sana nilipelekwa, vigae vipya, jiko la kisasa, nikashika geti likabaki na mimi mkononi, yani kipande kizima cha chini kimeliwa. Dalali anasema itapigwa rangi. Nikamwambia kaka twende kwingine.

Na usiniambie bodi ya Landrover ni alumini haishiki kutu, maneno hayo waachie wanaouza. Chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na inaozea ndani kwa ndani, nje unaona nzima, siku unaweka jeki krosmemba ya nyuma, kile chuma kilichokingama, inazama kama mkate kwenye chai. Afu hata hiyo alumini yako, pale inapogusana na chuma pakiwa na maji ya chumvi ndo inaliwa yenyewe, utaona unga mweupe kwenye bolti za milango na pembeni ya sakafu. Hapo hata uoshe kila jumapili unachelewesha tu.

Mikindani nilienda kwa ajili ya upepo zaidi kuliko nyumba, nisikudanganye. Zile nyumba za mawe zinapendeza, ila vichochoro vyake vilijengwa kwa watu na punda, na bahari ipo mlangoni. Majengo na Magomeni nako kodi rahisi, maisha matamu, chakula usiku mpaka saa sita, lakini gari utaliacha nje barabarani na asubuhi utakuta saiti mira zimeondoka na wenyewe.

Jamaa mmoja akanipa wazo la ghala, eti kodi chumba popote afu gari liweke kwenye ghala, ndani pakubwa, sakafu ya zege, juu bati nzima. Nikapenda mno. Ila fikiria mwenyewe, huku ghala ni la korosho, likiwa tupu mwezi wa tano wa sita mwenye nalo anakuchekea, mwezi wa kumi minada inaanza na magunia yanashuka, anakupigia simu utoe gari leo leo, na wewe wakati huo umeshusha injini iko chini imefunikwa shuka. Hapana.

Nimepata moja njia ya kwenda Naliendele, kwa ndani kidogo, bahari huioni wala huisikii. Nyumba ya zamani, vyumba vitatu, kimoja masta, jiko dogo (shemeji atalalamika, mwandae). Lakini uwanja bwana! Nimepima na futi kamba, geti lina mita tatu na robo, gari lako upana halifiki hata mita mbili kwaiyo unaingia hujapumua. Banda lipo pembeni ya nyumba, refu la kutosha, 109 ikiingia yote bado mbele unabaki na nafasi ya meza na vaisi ya kubania vyuma. Kasoro ni kimo. Nguzo zina mita mbili na kidogo na gari lenyewe bila keria ya mizigo ya juu ya paa linagusa mita mbili, kwaiyo na ile keria yako ya chuma uliyoichomelea haipiti, lazima bati zipandishwe. Na usije ukaziba pande zote, acha upepo upite, na lile turubai la nailoni liache hukohuko, linafungia unyevu ndani gari linaoza limefunikwa.

Chini ni mchanga mtupu. Mwaga zege kwanza, simenti ya hapahapa ipo, kiwanda cha Dangote kipo tangu 2015. Kuhusu shimo la kuingia chini ya gari mi nasema achana nalo, mchanga huu bila kujengea kwa tofali unakuangukia, afu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka kukaa humohumo shimoni, we unawasha grenda. Pandisha gari kwenye remp kama binadamu. Mkorosho mmoja upo karibu na geti, usipaki chini yake mabibo yakianza kudondoka.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mama mkali ila anaeleweka. Kataja laki mbili na nusu, miezi sita mbele, na dalali juu anataka mwezi mmoja. Banda na zege kakubali vikatwe kwenye kodi, nikamwambia mama tuandikishiane na mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, akanuna kidogo afu akakubali. Masharti yake oili isimwagwe uani kwake, na jirani ana madrasa alasiri, watoto wanasoma pale barazani, kwaiyo muda huo nyundo chini. Luku ni yako peke yako, ila umeme ni fezi moja, ile mashine yako kubwa ya kuchomelea usiibebe kabla fundi umeme hajaangalia waya za ndani, ni za siku nyingi.

Kuna mtu mwingine anaizungukia, ana bajaji nne. Nimempa mama kishika uchumba kidogo, atasubiri mpaka ijumaa. Nipigie usiku, mchana niko kazini sisikii simu. Na niambie urefu wa hiyo keria kutoka kwenye paa, pima sio kukadiria, nianze kuongea na fundi wa bati.

Msalimie shemeji na watoto. Shule ya msingi ipo jirani, wanaenda kwa miguu, nimekuulizia mimi.

Nduguyo,
Saidi
Mtwara