Udongo wa Kilwa na Lindi una habari za tabianchi

Mhariri,

Wasafiri wengi wa barabara ya Kilwa kwenda Lindi huudharau udongo wa mfinyanzi wa kijivu unaojitokeza makorongoni, ingawa ndani yake mna magamba ya foraminifera, viumbe wa bahari wenye seli moja, yaliyohifadhiwa vizuri hata yanang'aa kama kioo chini ya hadubini. Kwa kupima oksijeni na boroni katika magamba yaliyotokana na sampuli zilizochorongwa huko, wanasayansi wamekadiria joto la bahari na kiasi cha kaboni dioksidi hewani miaka milioni 34 hivi iliyopita, barafu kubwa ilipoanza kuifunika Antaktika. Naomba wanafunzi wa jiografia wa Lindi na Mtwara wapelekwe wakaushike udongo huo, na wakandarasi wa barabara waache kingo chache za udongo huo bila kuzifunika.

Msomaji, Lindi