Barua ya malalamiko: ekzosi mliyoniuzia si ya gari yangu

Wete, Pemba

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Unguja.

YAH: EKZOSI ISIYOINGIA KWENYE HILUX YA MWAKA 1994

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum. Nimepiga simu dukani kwenu mara nyingi, na kila anayepokea ananipa jibu lilelile: nimpe fundi akate na kuchomelea. Sitakata. Naandika ili sababu zangu ziwe kwenye karatasi, zifike mezani kwako, na unijibu wewe mwenyewe.

Gari yangu ni Toyota Hilux ya 1994, pikapu ya kabini moja, modeli ya LN106, yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, isiyo na tabo (kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi). Hayo yote niliyaandika kwenye ujumbe wa kuagizia, nikatia na picha ya kibati cha namba ya chesisi. Niliandika pia ninachotaka: bomba la moshi la inchi 2 na nusu kutoka kwenye manifoldi (inayokusanya moshi unapotoka kwenye injini) hadi nyuma, la stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na sailensa ya vyumba, ile inayopunguza sauti zaidi. Kijana wenu wa mauzo akajibu, "Ipo, ya gari hiyohiyo." Nikatuma pesa, mzigo ukashuka Mkoani.

Kilichoshuka ni ekzosi ya inchi 3, tena imepindwa kwa ajili ya Hilux inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Mtu wa vipuri hapaswi kuelezwa tofauti hiyo, lakini kwa kuwa wenzako wameniambia kwamba Hilux za zamani zote ni moja, basi naeleza. LN106 inatumia magurudumu yote manne. Chini yake kuna gia boksi ya pili na propela inayokwenda mbele. LN85, ile Hilux ya magurudumu ya nyuma ya zama hizohizo, haina vitu hivyo, kwa hiyo bomba lake linapita kwa raha mahali ambapo kwenye gari yangu pamejaa chuma. Tulipoliinua bomba lenu, kipande cha kati kikaegemea gia boksi. Nyuma ndiko kubaya zaidi. Pindo linalovuka juu ya ekseli limekaa chini mno. Gari ikiwa tupu unapata nafasi ya vidole viwili, na ukishapakia springi zinalala, ekseli inapanda, bomba linagongwa. Pikapu hii sikuinunua itembee tupu. Msimu wa karafuu inateremsha magunia kutoka Mtambwe, na miezi mingine inabeba ndizi, mchanga na matofali, kwenye njia ambazo hazina hatua mia zilizo tambarare. Kila shimo lingekuwa pigo moja la ekseli kwenye bomba.

Hanga zake, yaani vishikio vinavyoning'iniza bomba, nazo zimechomelewa chuma kwa chuma, bila raba. Injini ya dizeli inatikisika, hasa inapowashwa na inapozimwa, na raba ndiyo inayomeza mtikisiko huo. Zikikosekana, mshtuko wote unarudi kwenye flanji (pale bomba linapofungwa kwa bolti) na manifoldi, na manifoldi ni chuma cha kusubu, kinapasuka. Pakipasuka pale, moshi unavujia chini ya kabini wanamokaa dereva na utingo. Utingo wangu ni mtoto wa dada yangu. Sitamweka juu ya moshi kwa sababu kampuni haikutaka kusoma kibati cha namba.

Kuhusu inchi 3, niliambiwa nishukuru, kwamba nimepewa bomba kubwa zaidi kwa bei ileile na gari itaongeza nguvu. Kwenye injini yenye tabo neno hilo lina maana, kwa sababu gesi zikipata njia pana baada ya tabo, nayo inazunguka kwa wepesi. 3L haina tabo. Inavuta hewa kwa pistoni zake tu, na kwa unene huo itakachoongeza zaidi ni kelele. Sailensa mliyoileta nayo ni ya kupitisha moshi moja kwa moja, bomba lenye vitundu lililozungushiwa pamba ya kioo. Mimi naondoka kabla ya alfajiri, napita katikati ya nyumba za watu waliolala. Nilichagua ya vyumba kwa ajili yao, na niliandika hivyo.

Sasa chuma chenyewe. Nilipolalamika kwamba sumaku inanata, nilijibiwa kwamba stenlesi ya daraja la 409 nayo inanata. Ni kweli. Ile ya 409 ina kromiamu ya kama asilimia 11 na inashika sumaku, na ekzosi nyingi hutengenezwa nayo. Daraja la 304, lenye kromiamu ya kama asilimia 18 na nikeli ya kama asilimia 8, ndiyo ambayo kwa kawaida haishiki. Kwa hiyo naiacha sumaku. Nasoma karatasi ya kiwanda iliyobandikwa kwenye boksi lenu, nayo inasema ni chuma cha kawaida kilichopakwa alumini. Bei niliyolipa ni ya stenlesi, na risiti imeandikwa stenlesi.

Chuma kilichopakwa alumini kina watu wake, na bei yake ni nafuu. Lakini ukikikata na kukichomelea, moto unaunguza lile pako, na kutu inaanzia hapohapo. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi mwaka mzima. Bomba linaoza na kwa ndani pia, kwa sababu mafuta yakiungua hutoa mvuke wa maji, na safari fupi za mjini Wete hazilipashi moto wa kutosha kuukausha. Ndiyo maana nilikuwa tayari kulipa zaidi mara moja.

Halafu someni nyuma ya risiti yenu. Imeandikwa kwamba bidhaa iliyokatwa, kuchomelewa au kupindwa hairudishwi na haina dhamana. Wafanyakazi wako wananishauri nifanye kitu kilekile ambacho karatasi yako inasema kitaninyima haki yangu. Sitaki kuamini kwamba ni makusudi, lakini nataka ueleze.

Naomba moja kati ya mawili: mniletee ekzosi ya LN106 kama nilivyoiagiza, au mnirudishie pesa zote. Kwa vyovyote vile, nauli ya mzigo kuja na kurudi iwe juu yenu. Naomba pia muache kumwambia mteja "ipo" kabla hamjalinganisha namba ya chesisi, injini, na aina ya gari. Pemba mtu hawezi kuvuka barabara akarudisha kipuri. Kinapanda meli, na gari inakaa juu ya mawe hadi kingine kije.

Ekzosi yenu iko kwangu ndani ya boksi lake, haijakatwa wala haijapakwa grisi. Naambatisha nakala ya risiti, ujumbe wa kuagizia na picha za pale inapogusa. Nisipopata jibu la maandishi, nakala hizihizi nitazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Mteja wenu,
Mwenye pikapu, Wete